Roketi za Luvua, mvua ya bongo, na nani anaongoza mambo ya anga ya nchi



Leo ninataka kueleza kitu kimoja ambacho wengi wetu tulikisoma chuoni bila kukipa jina, halafu nikipeleke mahali ambapo mutu wa shamba hatazamiwi kufika: uongozi wa mambo ya anga ya nchi. Najua kuna atakayesema, "Huyu wa agronomia, roketi zinamuhusu nini?" Zinamuhusu sana, na zinamuhusu hata mama mwenye kulima hekta moja hapa kandokando ya Lukafu. Subirini kidogo.

Kitu chenyewe ni kufikiri kwa mfumo. Mfumo ni vitu vingi vilivyoshikana kiasi kwamba ukigusa kimoja, vingine vinatikisika, pengine mbali na pale ulipogusa, pengine baada ya miezi. Mwenye kufikiri kipande kwa kipande akiona mahindi ya njano anasema: leta mbolea. Mwenye kufikiri kwa mfumo anauliza kwanza maji yanapita wapi, udongo una tindikali kiasi gani, nani alilima pale mwaka jana, mbolea ilifika lini, na feza ya kuinunua tena itatoka wapi. Wenzangu wa fakilte munakumbuka habari ya fosforasi: kwenye udongo wetu mwekundu wa Katanga unaweza kuimwaga kwa wingi, na sehemu kubwa ikashikwa na chuma na alumini, mmea ukabaki na njaa yake. Mbolea iko pale pale, imelipiwa, na haifanyi kazi. Hakuna kipande kilichoharibika. Kilichokosekana ni njia ya kupita.

Maneno ya kubeba mkononi ni machache. Kuna akiba, yaani kile kinachojaa na kupungua polepole: maji ndani ya udongo, feza ndani ya sanduku, watu wenye ujuzi ndani ya nchi. Kuna mrejesho, yaani habari ya matokeo inayorudi kwa yule anayeamua, ili abadilishe mkono wake. Kuna kuchelewa, na huko njo mahali balaa nyingi zinazaliwa, kwa sababu mutu anaamua leo juu ya habari ya mwezi uliopita. Na kuna mpaka: nani tumemhesabu kuwa ndani ya mfumo, nani tumemwacha inje. Jay Forrester wa MIT alianza kuandika mambo haya kwa hesabu tangu miaka ya 1950. Donella Meadows, aliyefuata nyayo zake, alifundisha jambo ambalo wakubwa wa ofisi hawalipendi: kuongeza au kupunguza namba za bajeti ni mahali dhaifu pa kusukuma. Penye nguvu zaidi ni kubadilisha nani anapata habari, nani anatunga kanuni, na mfumo wenyewe unatafuta nini.

Sasa tuingie mu historia yetu, maana tuko nayo.

Wengi wetu hatukufundishwa kwamba roketi ziliruka hapa kwetu. Ziliruka Katanga, wakati ule ikiitwa Shaba. Kampuni ya Ujerumani Magharibi, OTRAG, ya mhandisi Lutz Kayser, ilitafuta mahali karibu na ikweta. Sababu ni ya fizikia: dunia inazunguka, na kule ikweta ardhi inakwenda mbio zaidi, karibu mita 465 kwa sekunde, kwa hiyo roketi inayorushwa kuelekea mashariki inapata msukumo wa bure. Mwenyekiti wa baraza la kampuni alikuwa Kurt Debus, mkurugenzi wa kwanza wa Kennedy Space Center ya Marekani. Hawakuwa watu wa mchezo.

Na wazo lao lilikuwa zuri, lazima niseme hivyo. Badala ya kutengeneza roketi moja ghali kama saa ya dhahabu, walitaka kutengeneza mabomba mengi ya aina moja, yenye mafuta ndani, na kuyafunga pamoja kama mzigo wa kuni. Mzigo wa kupandisha ukiwa mzito, unaongeza mabomba. Vali za mafuta zilifunguliwa na mota zile zile za kufutia vioo vya gari. Mutu yeyote aliyepita mu magaraji ya Lubumbashi anaelewa mara moja akili ya namna ile.

Katikati ya miaka ya 1970 serikali ya Zaire ikaipatia kampuni eneo la karibu kilomita za mraba 100,000 kaskazini mwa mkoa, pande za mto Luvua, mpaka mwaka 2000. Pimeni vizuri: ni karibu moja ya tano ya Katanga nzima, karibu mara mbili ya Rwanda na Burundi ukiziweka pamoja. Mkataba uliipa kampuni uhuru mkubwa juu ya ardhi ile, kinga kwa watu wake, hata uwezekano wa kuomba wakaaji waondolewe. Siye bana Katanga tunajua mikataba. Lakini mimi, niliyezaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, bado ninashangaa nikihesabu: kama ungefika mwisho wake, ningekuwa nimezaliwa wakati ungali hai.

Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977. Ya pili tarehe 20 Mei 1978. Ya tatu tarehe 5 Juni 1978, mbele ya Mobutu mwenyewe, na hiyo ikapinduka ikaanguka. Sasa wekeni tarehe hizo kando ya tarehe nyingine ambazo wazee wetu hawazisahau. Mwezi Mei 1977, vita ya kwanza ya Shaba ilikuwa inamalizika. Tarehe 13 Mei 1978, wapiganaji wa FNLC waliingia Kolwezi, na tarehe 19 askari wa Ufaransa wakashuka kwa miamvuli. Kesho yake, roketi ya pili ikapanda Luvua. Mkoa mmoja, wiki moja.

Mutu wa Angola au wa Zambia anayetazama kutoka inje anaona nini? Anaona Wajerumani, roketi, eneo lililofungwa, na vita. Umoja wa Kisovieti ulisema wazi kwamba kule kunatengenezwa silaha. Kampuni ilikana. Mashaka yakakua, barua zikapita kati ya wakubwa wa dunia, na mwaka 1979 Mobutu akaamuru kazi isimame. OTRAG ikahamia Libya, jangwani, na huko nako haikudumu.

Watu husimulia hadithi hii kwa namna mbili. Wengine wanasema ulikuwa ubeberu, wengine wanasema tulipoteza bahati ya kuwa kituo cha kwanza cha roketi za biashara duniani. Zote mbili zina ukweli ndani, na zote mbili zinatafuta mutu wa kulaumu. Mwenye kufikiri kwa mfumo anatazama mabomba: habari ilipita wapi?

Mpaka wa mfumo ule ulichorwa kuzunguka watu wawili tu, kampuni na Rais. Wakaaji wa bonde walikuwa inje. Majirani walikuwa inje. Chuo kilikuwa inje, ndiyo maana baada ya kampuni kuondoka hakuna maabara wala shule ya uhandisi wa anga iliyobaki hapa. Kwa vile kila aliye inje hakuwa na njia ndogo ya kuuliza swali au kukagua, ilibaki njia moja tu, kubwa: kushinikiza mpaka kazi yote ikatwe. Ni kama shamba la umwagiliaji lisilo na milango midogo. Maji yakizidi, huna namna ya kupunguza, unabomoa ukingo. Mkaguzi mmoja wa kimataifa, ripoti moja ya kila mwaka mbele ya Bunge, wanafunzi kumi wa Lubumbashi kwenye kituo kile, vingekuwa milango midogo. Sisemi vingeokoa OTRAG. Ninasema kingebaki kitu.

Kuna jambo la sheria pia. Kwa Mkataba wa Anga wa 1967 na ule wa hasara wa 1972, nchi ambayo kombora limetoka kwenye ardhi yake inahesabiwa miongoni mwa zenye kubeba deni likiangukia wengine, hata kama kombora ni la kampuni. Kongo ilitia sahihi ule wa 1967 lakini wakati wa OTRAG ilikuwa bado haijauthibitisha. Tazameni umbo lake: kanuni za dunia zinamwekea mwenye ardhi jukumu, na mkataba wa kukodisha unamfumba macho. Jukumu upande huu, habari upande ule. Mahali popote munapoona vitu hivyo viwili vimetenganishwa, iwe kwenye mgodi, iwe kwenye koperative, mujue kuna ajali inayongoja.

Wakati Zaire inakodisha Luvua, India ilikuwa inafanya kitu kingine kabisa. Kutoka Agosti 1975 mpaka Julai 1976 ilitumia satelaiti ya kuazima, ATS-6 ya Marekani, kupeleka televisheni ya kilimo, afya na shule mu vijiji karibu 2,400. Satelaiti haikuwa yao. Vipokezi vya ardhini, matengenezo ya vifaa, vipindi kwa lugha za wenyeji, na watu wa kwenda kuuliza wanakijiji wameelewa nini, hivyo vilikuwa vyao. Waliazima kile kinachopita na wakajijengea akiba. Satelaiti ilipoondoka, akiba ilibaki, na mfumo ukaanza kudai satelaiti yake wenyewe. Mimi naona uamuzi ule unapita roketi yoyote kwa akili.

Lakini musifikiri kwamba kuingiza kila mutu ndani kunatosha. Ulaya ilipata somo la upande wa pili. Miaka ya 1960 nchi kadhaa zilijiunga mu ELDO kutengeneza roketi ya Europa. Uingereza ikapewa hatua ya kwanza, Ufaransa ya pili, Ujerumani ya tatu, Italia satelaiti ya majaribio, Ubelgiji (ndiyo, bwana zetu wa zamani) uongozaji kutoka ardhini, Uholanzi mawasiliano. Kila mmoja na kipande chake, na bendera yake. Hatua ya Uingereza ilifanya kazi vizuri. Roketi nzima haikuweka hata satelaiti moja kwenye mzunguko wa dunia. Juu ya nini? Kwa sababu hakukuwa na mwenye nguvu juu ya viungo, pale kipande cha mmoja kinapokutana na kipande cha mwingine. Mwaka 1975 wakaanzisha shirika jipya, ESA, na roketi mpya ya Ariane wakaiweka chini ya uongozi wa Ufaransa. Iliruka vizuri mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1979. Chuma kilikuwa kimebadilika, kweli, lakini kilichobadilika zaidi ni nani anaitika jina pale viungo vinapovunjika.

Ninalisema hili kwa sababu Afrika imeingia njia hiyo hiyo. Umoja wa Afrika ulipitisha sera yake ya anga Januari 2016, na shirika lenyewe likazinduliwa Kairo tarehe 20 Aprili 2025. Karibu miaka tisa kati ya karatasi na mlango. Kila nchi itataka kipande. Ni haki. Swali ni nani atashika viungo.

Kenya nayo inatufundisha kuchelewa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wao, satelaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Jina la Kiswahili, pwani ya Waswahili, chombo cha Marekani, kituo cha Italia. Shirika la anga la Kenya lenyewe lilianzishwa 2017, na Taifa-1, satelaiti yao ya kuangalia ardhi, iliruka tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California kwa gharama ya shilingi za Kenya milioni 50 hivi. Kati ya Uhuru na Taifa-1 ni miaka 52. Roketi zilipita juu ya vichwa vyao kwa miaka mingi bila kuacha akiba ya kutosha ya watu, kwa sababu mtiririko wa kujaza akiba hiyo (masomo, kazi, mshahara wa kumfanya kijana abaki) ulifunguliwa kwa kuchelewa. Halafu wamelaza shirika lao chini ya wizara ya ulinzi. Pengine wana sababu zao. Mimi ningeuliza paka swali moja: picha ya shamba inayopigwa leo, nani anaiona wa kwanza, na inamfikia mkulima wa Kitui siku ya ngapi?

Na siye je?

Batu wanasema Kongo haina mpango wa anga. Si kweli kabisa. Uko, umevunjika vipande. Hali ya hewa na picha za satelaiti ziko METTELSAT, upande wa uchukuzi. Mawasiliano ya satelaiti yako RENATELSAT, upande wa posta na mawasiliano. Ramani ziko kwa Institut Géographique du Congo. Misitu inatazamwa upande wa mazingira, na OSFAC, shirika lisilo la serikali pale Kinshasa, limekuwa likigawa picha na kufundisha vijana kuzisoma. Jean-Patrice Keka naye alirusha roketi zake ndogo za Troposphère kule Menkao kwa nguvu zake. Satelaiti ya CongoSat, iliyotangazwa 2012 pamoja na kampuni ya Kichina, haikufika angani. Ukiangalia kipande kimoja kimoja, unaweza kuona watu wenye akili wanaofanya kazi kwa taabu. Ni Europa tena: viungo havina mwenyewe.

Sasa nirudi kwa yule mama wa hekta moja, maana njo huko mambo haya yanapimwa.

Mvua yetu inaanza kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Novemba. Lakini kuna ile mvua ya kwanza ambayo wazee wanaiita mvua ya bongo, mvua ya uongo. Inanyesha siku mbili, udongo unalowa, mutu anapanda, halafu jua linarudi wiki mbili na mbegu zinakauka zikiwa zimechipua. Hekta moja inataka kilo kama 25 za mbegu. Ukizipoteza, unanunua tena kwa deni, au unapanda mahindi ya kula ambayo hayatazaa sana. Kosa la wiki mbili mu Novemba linaonekana mu bukari ya Machi.

Habari ya kumsaidia iko angani tayari. Meteosat mpya ya Ulaya, iliyorushwa Desemba 2022, inapiga picha ya upande wetu wote wa dunia kila dakika kumi. Sentinel-2 inarudi juu ya shamba lile lile kila siku tano hivi, inaona kitu cha mita kumi, na picha zake ni bure. Hatukuhitaji kurusha kitu. Lakini msimu uliopita ramani moja ya upungufu wa mvua ilinifikia kwenye simu siku 23 baada ya siku ya mwisho iliyochorwa ndani yake. Ilikuwa imepita ofisi tatu, ikabadilishwa kuwa karatasi, ikatiwa muhuri, ikapigwa picha, ikarudi kuwa simu. Sitaji ofisi, maana kila moja ilifanya kazi yake. Kutoka angani mpaka Ulaya, dakika. Kutoka mezani mpaka shambani, siku 23. Mnunulieni nchi hii satelaiti yenye jina la taifa na rangi za bendera: kuchelewa kutabaki siku 23.

Kuna jambo la pili linalofichika zaidi. Satelaiti haipimi mvua. Inapima joto la juu ya mawingu na miale mingine, halafu hesabu inakisia mvua. Ili hesabu isipotee, inasahihishwa na vipimo vya ardhini. Data za CHIRPS, ambazo wengi wetu tunazitumia kwa kazi na kwa memwari za lisanse, zinachanganya satelaiti na vituo vya ardhini, na zinarudi nyuma mpaka 1981. Sasa, mu nchi yetu vituo vya kupima mvua vimebaki vichache sana kuliko zamani. Kila kituo kinapokufa, kile chombo cha mamilioni kule juu kinakuwa kipofu kidogo juu ya Katanga. Halafu kwa sababu ramani zinakuwa na makosa, wakulima hawaziamini. Kwa sababu hawaziamini, hakuna anayedai. Kwa sababu hakuna anayedai, Leta haoni sababu ya kulipa mutu wa kuangalia kituo, na kituo kingine kinakufa. Huo njo mzunguko unaojilisha wenyewe. Unakwenda chini, lakini mzunguko wa namna hii unaweza kuzungushwa kwenda juu kwa mlango ule ule.

Kwa hiyo, siku Kongo itakapoandika sheria yake ya anga (na itaandika, maana AfSA itadai kila nchi iwe na mlango mmoja wa kuongea nao), mimi nisingeanza na swali la jengo la shirika litakuwa Kinshasa mtaa gani. Ningeanza na kipimo cha mafanikio. Kama sheria inasema shirika litapimwa kwa idadi ya satelaiti, litanunua satelaiti. Kama inasema litapimwa kwa siku zinazopita kati ya picha na uamuzi wa mkulima, wa daktari wa kolera, wa mutu wa mgodi anayelinda bwawa la mabaki, litatengeneza njia. Watu wanafuata kile wanachopimwa nacho, hata wenye nia njema.

Halafu viungo. Ofisi ndogo, yenye mamlaka juu ya mapatano kati ya METTELSAT, RENATELSAT, ramani na misitu: nani anampa nani nini, kwa muundo gani, ndani ya saa ngapi. Isimiliki vyombo, kwa sababu ikivimiliki itaanza kugombana na hao wengine. Na watumiaji wasiwekwe kama wageni wa kupiga makofi siku ya uzinduzi. Wapewe sauti juu ya sehemu ya bajeti, na iwe mikoani, maana Kinshasa iko mbali zaidi ya kilomita 1,500 na hata saa yetu si moja. Mvua yao inaanza wakati wetu bado tunakula vumbi.

Juu ya mikataba ya ardhi ya kurushia, wanasheria wa chama munisaidie kuandika vizuri: isipite miaka kadhaa bila kurudi Bungeni, isomwe hadharani, wakaaji wawe upande wa kutia sahihi, na chuo cha mkoa kiwe na viti ndani ya kituo tangu siku ya kwanza. Najua jibu litakalokuja, kwamba masharti mengi yanafukuza wawekezaji. Pengine. OTRAG haikuwekewa masharti mengi, na ilidumu Luvua miaka michache tu.

Mlango ambao siye tunaweza kuugusa bila kungoja sheria ni kile kipimo cha mvua. Kopo lolote lenye kuta zilizonyooka, liwekwe mahali wazi, mbali na mti na paa. Kimo cha maji kwa milimita njo mvua yenyewe, hakuna hesabu. Lisomwe kila siku saa moja asubuhi, limwagwe, liandikwe, hata siku ya sifuri. Tuko saba wa promosheni moja tuliokubaliana kuanza Oktoba hii: mimi Lukafu, wengine Kasapa, Kipushi na njia ya Kasumbalesa. Namba zitawekwa hadharani, tutazilinganisha na CHIRPS mwezi kwa mwezi, na tofauti tutaipeleka METTELSAT ya mkoa kwa maandishi. Likasi na Kasenga bado hatujapata mutu.